Choo Kisichojaa cha Bi Mastura

Mtu akikwambia anamjua Bi Mastura, yule muuza mikate ya sinia wa mji wa kale wa Malindi, muulize kwanza kama amewahi kugombana naye. Akisema hajawahi, basi huyo hamjui, amempita tu njiani. Bi Mastura ana miaka hamsini na sita, ni mfupi, mwepesi wa miguu, na ulimi wake, Mola amsitiri, hauna breki. Lakini mikate yake! Mchele anauroweka tangu jana, anausaga, anautia tui zito na iliki, anauacha uumuke hadi ujae povu, kisha anauchoma moto juu, moto chini. Hata aliyenuniana naye asubuhi, alasiri utamkuta mlangoni pake anataka vipande viwili, tena vya katikati.

Siri ya mikate hiyo, mwenyewe husema, ni maji. Nyuma ya nyumba yake pana kiwanja kidogo, na katikati ya kiwanja pana kisima. Kilichimbishwa na mama wa babu yake, bibi aliyeuza mapambo yake yote ili kukichimba, kisha akakiweka wakfu: mwenye kiu ateke, asiulizwe jina, asiulizwe dini, asitozwe hata senti. Tangu siku hizo kisima husimamiwa na mwanamke mkubwa wa nyumba. Yeye ndiye mwenye kununua kamba na kapi, yeye ndiye mwenye ufunguo wa kifuniko. Bi Mastura alikabidhiwa ufunguo huo na shangazi yake miaka ishirini iliyopita, alipoachika huko Mambrui na kurudi kwao na binti mmoja, Sahla, na masinia mawili ya kuchomea mikate. Alirudi na aibu ya talaka, akapewa heshima ya kisima. Hilo hakulisahau hata siku moja.

Sasa nikwambie habari ya choo, maana hapo ndipo penye mambo.

Miaka sita iliyopita, Sahla alipokuwa anaolewa, Bi Mastura alijenga choo na bafu uani. Si choo cha mchezo! Vigae vya buluu kutoka chini hadi juu, bomba la mvua la kuogea, na kioo kikubwa cha kumwonyesha bibi harusi uso wake. Fundi alikuwa Ziro, Mgiriama wa Ganda, mtu wa maneno machache. Ziro alimshauri kwamba shimo la choo lisakafiwe chini na kupigwa lipu pembeni. Bi Mastura akamcheka.

"Ziro, mwanangu, nikilisakafia si litajaa? Wataka kila miezi miwili niite lori la kunyonya, mtaa mzima uzibe pua? Acha chini mchanga mtupu, ardhi iyanywe."

Ziro akaacha mchanga mtupu. Na kweli, shimo halikujaa. Mwaka wa kwanza halikujaa, wa pili halikujaa, wa tano halikujaa. Huku kwetu pwani, kama hujui, choo kisichojaa ni fahari ya nyumba, watu hukitaja kama wanavyotaja mtoto aliyefaulu mtihani. Arusini, matangani, popote penye wanawake wawili wanaolalamikia mashimo yao, Bi Mastura alikuwa na neno lake: "Changu mwaka wa sita huu, wallahi, hata robo hakijafika." Wenzake wakasonya kwa wivu.

Kiwanja hicho cha kisima kimezungukwa na nyumba tatu. Moja ni ya Bi Mastura. Ya pili ni ya Bi Afiya, mjane mkongwe anayesuka mikeka na kulea mjukuu. Ya tatu ni ya Mwalimu Harith, mstaafu, mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira ya Mtaa. Bi Mastura hakuipenda kamati hiyo, na hapa mimi niko upande wake. Kazi yao ilikuwa semina, soda na fulana. Mikoko ilipandwa mara tatu mahali palepale kwa wageni watatu mbalimbali, na mara zote tatu ikapigwa picha kisha ikaachwa ife kwa raha zake. Bi Mastura alikuwa na fulana tisa zilizoandikwa habari za kuokoa dunia, zote kagawiwa mlangoni, na zote alikuwa akipangusia masinia.

"Mazingira ni kazi ya watu wenye vipaza sauti," alikuwa akimwambia Harith juu ya ukuta. "Mimi nafagia mlango wangu, yatosha."

"Ndiyo maana nchi haiendelei, Bi Mastura."

"Nchi haiendelei kwa sababu mwakaa vikao sana."

Basi mwezi wa tano, baada ya mvua kubwa, matumbo yakaanza. Nyumba hii watu wawili, nyumba ile watatu, mtu anatoka mbio akishika nguo. Mjukuu wa Bi Afiya, mtoto wa miaka minne, alilazwa hospitali siku tano, akarudi macho yameingia ndani. Ndipo alipokuja afisa wa afya, kijana wa bara anayeitwa Thuku, mpole, mwenye kikasha cha vichupa. Akateka maji ya kisima, akaondoka. Baada ya wiki akarudi na karatasi.

"Shikamoo, mama. Hii maji si ya kunywa. Iko na uchafu ya choo."

"Marahaba. Ebo! Uchafu wa choo uingie kisimani kwa mlango gani, na ufunguo ninao mimi?"

"Inapitia chini, mama. Kwa mawe."

"Na kambare je? Humo ndani mna kambare tangu enzi za shangazi yangu, kawekwa ale viluwiluwi vya mbu. Maji yangekuwa mabaya si angekufa?"

Thuku alichungulia kisimani, akamwona kambare akizungukazunguka kwa furaha. "Kambare anapenda uchafu, mama," akasema kwa upole. "Huyu amenona sana."

Watu wakacheka. Bi Mastura hakucheka. Na alipoisoma karatasi hadi mwisho, uso ulimshuka: siku sitini. Maji yakipimwa siku ya sitini na bado yana uchafu, kisima kitajazwa kifusi na kufunikwa kwa zege.

Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa lile ambalo lingewatoka wengi wetu. "Hii ni siasa," alisema. "Kuna mtu anataka kutuuzia maji kwa malori, au anataka hiki kiwanja. Nawajua hao!" Akaingia ndani, akafunga mlango, akalia. Alilia kwa sababu bibi yake alikitoa kisima kwa mapambo yake, mama zake wote wakakitunza, na kikija kufa kitafia mikononi mwake yeye. Sahla alipokuja kumwona alimkuta ameushika ufunguo, na mchele umemchachia sufuriani.

Ijumaa baada ya sala mtaa ulikutana pale kiwanjani. Mwalimu Harith alisimama na daftari. Akasema chanzo ni mabadiliko ya tabianchi, na hoteli za ufuoni, na serikali iliyotutupa, na kwamba kamati itaandika waraka, itachapisha mabango, na kuandamana hadi ofisi za kaunti. Watu wakaitikia. Kuandamana ni kutamu, mtu anarudi nyumbani amechoka vizuri.

"Mwalimu," Bi Mastura akasema kutoka nyuma, "hoteli ziko ufuoni, kisima kiko hapa. Choo kilicho ubavuni mwa kisima hiki ni chako."

"Na chako, Bi Mastura?"

"Changu hakijai!"

Alilisema kwa kishindo, kama mtu aliyemaliza kesi. Thuku, aliyekuwa amesimama ukutani, alimtazama kwa namna ya ajabu kidogo.

Bi Mastura sasa alikuwa amepanda mori. Alikuwa na hakika moyoni kwamba ni choo cha Harith, kile kizee, kilichochimbwa hata kabla ya mwalimu kuoa. Na ili kumuumbua mbele ya umma, akapata wazo. Kibarazani kwa Bi Afiya palikuwa na makopo ya rangi ya ukili, ile rangi kali ya kuchovyea ukili kabla ya kusuka mkeka, ambayo ikikushika vidole unakwenda nayo wiki mbili.

"Tutie rangi vyooni," alisema. "Nyekundu kwa Harith, kijani kwa Bi Afiya. Itakayotokea kisimani, mwenyewe ajijue."

"Na kwako zambarau," Harith akasema papo hapo.

"Na kwangu zambarau, naogopa nini?"

Thuku akasema hata wao wataalamu hutumia njia hiyo, mradi kisima kifungwe na asiteke mtu. Basi ikafanywa. Bi Mastura mwenyewe alimimina makopo mawili ya nyekundu chooni kwa Harith, kwa bismillahi na tabasamu. Harith akaenda kwa Bi Mastura akamimina zambarau kwenye vigae vya buluu, akamwagia ndoo sita za maji. Kwa Bi Afiya walitia kijani. Wakaagana kwamba kila siku jua likichomoza watakutana, Bi Mastura atafungua kifuniko, na ndoo ya kwanza itazamwe na wote.

Siku ya kwanza maji yalitoka meupe. Ya tatu meupe. Ya saba meupe, Harith akaanza kusema kwamba alikwisha waambia, ni hoteli. Bi Mastura akazidi kuwa mkali, usingizi ukamruka. Siku ya tisa hakuweza kuvumilia. Baada tu ya sala ya alfajiri, kabla hajatoka mtu, alikwenda peke yake, akafungua, akateremsha ndoo nyeupe ya plastiki, akaivuta juu.

Maji yalikuwa zambarau.

Si sana. Zambarau ya mbali, kama ukili uliosuuzwa mara nyingi. Lakini zambarau. Akayamwaga, akateka tena. Zambarau. Akateka ya tatu. Zambarau.

Nisikufiche, kwa sababu mwenyewe hakuficha alipokuja kutuhadithia. Makopo yalikuwa palepale kibarazani kwa Bi Afiya, na kopo la nyekundu lilikuwa na mabaki. Vijiko vitatu vingetosha. Mtaa ungekuja, ungeona wekundu, Harith angeumbuka na uenyekiti wake na daftari lake, na Bi Mastura angebaki na vigae vyake vya buluu. Alikwenda akalichukua lile kopo. Alilishika mkononi, akarudi nalo hadi kisimani. Akasimama.

Ndipo kilipomjia kile ambacho siku zote tisa alikuwa amekikimbia. Mjukuu wa Bi Afiya, yule mwenye macho yaliyoingia ndani, alikuwa amekunywa choo chake. Si cha hoteli, si cha serikali, chake yeye Mastura. Na wale wote waliokula mikate yake kwa miaka sita na kumsifu. Ardhi haikuyanywa yale maji. Iliyapeleka hatua kumi na nne tu, ikayatia kwenye ndoo ya bibi yake.

"Astaghfirullah," alisema, na akalirudisha kopo. Kisha akashika kiuno, akapaza sauti ambayo mtaa wote unaijua, ila siku hiyo haikuwa ya ugomvi. "Enyi watu! Amkeni! Njooni muone! Ni yangu! Zambarau, ni yangu mimi!"

Walitoka. Harith alitoka na kikoi, mswaki mdomoni. Walizunguka ndoo wakaangalia. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kuchekwa. Bi Mastura alimgeukia Bi Afiya, akapiga magoti pale chini kwenye unyevu, akamshika mikono. "Nisamehe, dada yangu. Nilimnywesha mjukuu wako uchafu wangu huku najisifu."

Bi Afiya alimwinua. "Hukujua," akasema.

"Sikutaka kujua. Si sawa na kutojua."

Harith akakohoa, akatoa mswaki. "Basi kamati itakaa, tuandike..."

"Usiandike kitu, mwalimu. Niitie Ziro."

Ziro alifika kutoka Ganda siku ileile, na nyundo yake kwenye gunia. Aliangalia ndoo, akaangalia choo, akamwangalia Bi Mastura.

"Sema, Ziro," Bi Mastura akamwambia. "Ulinionya nami nikakucheka. Sema tu, nimejiandaa."

"Sina la kusema, mama," Ziro akajibu. "Tuanzie wapi?"

Kigae cha kwanza alikivunja Bi Mastura mwenyewe. Sahla alikuja mbio aliposikia, akalia kwamba ni bafu la harusi yake, kwa nini asingoje kwanza, serikali ina miradi, mwalimu amesema kuna wafadhili. "Mwanangu," Bi Mastura akasema bila kuacha kupiga, "hao wafadhili wakija, watanipa fulana ya kumi. Kisima kina siku arobaini na saba." Vikuku vyake viwili vya dhahabu, alivyokuwa amevaa tangu ujana, vikaenda kwa sonara, vikarudi saruji na kokoto.

Ziro alikitoa kila kilichokuwa shimoni, akachimba upya upande wa mbali wa ua, karibu na barabara, akajenga tangi la zege, sakafu nene, lipu mara mbili, akalijaza maji na kulikalia siku tatu kuona kama linavuja. Halikuvuja. Tangi la namna hiyo hujaa, na likijaa huita lori, na lori hunuka. Bi Mastura alikwisha likubali hilo.

Lakini kazi hiyo ilichukua wiki nne nzima, na katika wiki hizo nne Bi Mastura hakuwa na choo. Unajua alikokwenda? Kwa Mwalimu Harith! Choo cha Bi Afiya kina ngazi na magoti yake hayataki ngazi, kwa hiyo ikabidi. Kila alfajiri anapiga hodi na ndoo yake mwenyewe ya maji, uso ameukaza.

"Karibu, Bi Mastura," Harith angesema kwa adabu zote. "Karibu kwenye kamati."

"Nikitoka humu ntakujibu."

Huku nyuma kisima kilikuwa kikisafishwa. Ziro alikikausha kwa pampu, akateremka kwa kamba, akaanza kukwangua kuta. Kambare alihamishwa, alikopelekwa Ziro hakusema, nasi hatukumuuliza. Siku ya pili ya kukwangua, sauti ya Ziro ilipanda kutoka chini.

"Mama! Hapa kwenye ufa, upande wa mwalimu. Nyekundu nayo yaja."

Bi Mastura alikuwa peke yake juu, ameshika kamba. Wallahi, hii ndiyo saa aliyoiomba! Angeweza kuuita mtaa kwa mara ya pili, akacheza lelemama juu ya kifuniko. Mimi ningecheza. Alivuta pumzi, akaichukua ndoo yake ya maji, akapiga hodi kwa Harith kama anayekwenda haja. Mlangoni akamwambia kwa sauti ya chini, asisikie hata mkewe: "Mwalimu, yako imefika. Ziro kaiona. Sijamwambia mtu." Akaingia chooni, akafanya shughuli zake, akaondoka.

Kesho yake Harith alikuja uani kwa Bi Mastura bila daftari, akasimama anamtazama Ziro akipiga lipu. "Fundi," akauliza, "ukimaliza hapa unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Ganda."

"Usiende."

Na kwa Bi Afiya, ingawa kijani haikuonekana, wanawe walio Matsangoni walikuja Jumapili mbili wakalisakafia shimo lao wenyewe. Kufika siku ya hamsini, vyoo vyote vitatu vilikuwa na matangi, na kisima kimetiwa dawa na kujaa maji mapya yanayong'aa. Thuku akaja na kikasha chake. Watu walimngoja kama wanavyongoja mwezi wa Idi.

Jibu lilikuja siku ya hamsini na tatu. Uchafu ulikuwa umepungua sana, lakini upo.

Hapo Bi Mastura alivunjika moyo, tena vibaya. Alikaa chini kwenye ukingo wa kisima, leso imemteremka, hajali. "Miaka sita ya uchafu," alisema, "unaitakaje itoke kwa siku hamsini? Nimekiua."

"Bado siku saba, mama," Thuku akasema. Naye alichutama mbele yake, na nadhani siku hiyo ndiyo aliyoacha kuwa mtu wa ofisi. "Hii uchafu iko kwa mchanga. Mkivuta maji sana, mchana wote, mkamwaga mbali, mchanga utajiosha. Lakini mvute kweli."

Pampu ya Ziro ilikuwa imekufa jana yake. Bi Mastura akainuka, akafunga leso kiunoni, akashika kamba, akaanza kuvuta kwa mikono. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya thelathini. Harith akaja akamshika mkono, "Pumzika, zamu yangu." Mwalimu mstaafu, mwenye kisukari, akavuta mpaka shati likamgandia mgongoni. Wakaja wanawake wa mtaa wa juu, wakaja vijana wa bodaboda, wakaja wavuvi waliorudi, akaja imamu na muadhini wake. Hapakuwa na bango wala spika. Siku sita walivuta, wakipokezana tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na mitaro ya barabarani ikatiririka kama wakati wa masika. Mikono ya Bi Mastura ilitoka malengelenge, akaifunga vitambaa vya zile fulana, akaendelea. Mikate ya sinia haikuchomwa wiki nzima mjini Malindi, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya hamsini na tisa Thuku akateka. Siku ya sitini, mchana, alirudi akitembea haraka, kisha akaanza kukimbia, yule kijana mpole, kikasha kinampiga pajani. Hakusubiri hata kufika. "Sifuri!" alipiga kelele kutoka kona ya barabara. "Mama! Ni sifuri!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani vilisikika Mambrui. Bi Mastura alimkumbatia Ziro, akamkumbatia Thuku, akamkumbatia Sahla, na kidogo amkumbatie Harith, akakumbuka adabu, akampa mkono.

Lakini habari njema hazikai bila wenyewe wa kuzidai. Wiki haikwisha, likaja hema, vikaja viti vya plastiki, ukaja utepe wa kukatwa, na bango kubwa lenye picha ya mheshimiwa mmoja wa kaunti akinawa mikono. Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha jipanga na madumu, maana mifereji ya majumbani ilikuwa mikavu tena, ikabidi wangoje. Mheshimiwa akahutubia. Akasema kisima hiki kilihujumiwa na mabadiliko ya tabianchi, na wawekezaji wasio na utu, na wapinzani wake, lakini kwa juhudi zake kimekombolewa. Kisha akamwita Bi Mastura atoe shukrani, akampa kipaza sauti.

Bi Mastura alikitazama kile kitu. Hakuwahi kukishika maishani.

"Mheshimiwa, umedanganywa," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika kubwa mno hata akajishtua. "Kisima hiki hakikuchafuliwa na hali ya hewa. Kilichafuliwa na choo changu. Mimi, Mastura binti Abdillahi. Nililiacha shimo bila sakafu ili nisisumbuke, na watoto wakaugua."

Wapiga picha wakashusha kamera. Msaidizi wa mheshimiwa alinyoosha mkono achukue kipaza sauti, lakini aliyefika kwanza alikuwa Mwalimu Harith, mwenyekiti wa kamati, amevaa kanzu yake ya Idi.

"Na changu," Harith akasema. "Changu pia kilivuja. Nilikuwa nikiandika waraka juu ya hoteli."

Ilianza sauti moja ya kicheko kule nyuma, ikawa mbili, ikawa mtaa mzima unacheka na kupiga makofi, wanawake wanapiga vigelegele, na Bi Afiya, aliyempakata mjukuu wake aliyenona mashavu, akicheka huku machozi yanamtoka. Bi Mastura alikichukua tena kipaza sauti kwa Harith.

"Basi uchafu ulikuwa wetu," alisema, "na tuliousafisha ni sisi, mikono hii mnaiona. Hapana deni kwa mtu. Mheshimiwa, karibu sana, maji ni wakfu, hanyimwi yeyote. Ila foleni inaanzia kule ukutani, nyuma ya yule mama mwenye dumu la njano."

Akakirudisha kipaza sauti, akaupita utepe kwa chini, akafungua kifuniko, akateremsha ndoo. Mheshimiwa alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona mtaa wote unamtazama yeye. Basi akapewa kikombe, akaenda akasimama ukutani, nyuma ya yule mama mwenye dumu la njano, akangoja zamu yake.